Orodha ya Wanachama Isiharibike Mlangoni: Mwongozo kwa Makatibu na Waweka Hazina wa Vikundi



Ukiletewa orodha ya wanachama au taarifa ya miamala katika faili la CSV, usilibofye mara mbili ili lifunguke kwenye Excel. Makosa mengi anayolaumiwa mchapaji huzaliwa hapo, programu inapojiamulia yenyewe ipi ni namba na ipi ni tarehe. Hata wanasayansi yamewakuta: mwaka 2020 jeni iliyoitwa MARCH1 ilibidi ipewe jina jingine rasmi, kwa sababu Excel ilikuwa ikiigeuza kuwa tarehe ya mwezi Machi.

Namba ya NIDA kwanza

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Kama faili limeandika namba hiyo bila vistari vyake, kwenye seli utaona kitu kama 1.98503E+19, na ukiifungua yote utakuta tarakimu tano za mwisho zimekuwa 00000. Ukishahifadhi, hakuna fomula ya kuzirudisha. Anayeumia ni mama anayesubiri mkopo wa pembejeo, jina lake likirudishwa kila mara kwa kuwa namba haitambuliki.

Kwa hiyo fungua kitabu kipya cha Excel, nenda Data, kisha From Text/CSV, uchague faili lako. Bonyeza Transform Data. Chagua safu ya NIDA na safu ya simu, uzipe aina ya Text. Programu itakuuliza kama ibadilishe hatua iliyopo au iongeze mpya: jibu Replace current. Ukiongeza hatua mpya, namba itakuwa imeshakatwa katika hatua ya nyuma yake. Malizia na Close & Load. Faili la asili libaki kama lilivyokuja, usiliguse.

Namba za simu hazina balaa hilo. Sifuri ya mwanzo ikipotea, au wengine wakiandika 255 na wengine 0, fomula ="0"&RIGHT(C2,9) inaziweka zote katika sura moja, mradi hakuna nafasi katikati ya tarakimu.

Tarehe na fedha

Kompyuta nyingi huja na mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi. Malipo ya 3/4/2024 yaliyofanyika Aprili yataingia kama ya tarehe 4 Machi, na ya 13/4/2024 yatabaki maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Tazama safu ya tarehe kabla hujapanga chochote: zilizoegemea kulia zimesomwa kama tarehe, zilizoegemea kushoto hazikusomwa. Ukiona mchanganyiko huo, usizisahihishe moja moja, maana hata zile za kulia huenda si sahihi. Ingiza faili upya, safu hiyo uipe kwanza Text kwa Replace current, kisha uichagulie Using Locale, aina ya Date, na English (United Kingdom).

Fedha zilizoandikwa 45,000/= Excel huziona kama maneno. Hatari yake ni kwamba SUM huziruka bila kukuonya, na jumla ya michango inapungua kimya kimya. Bonyeza Ctrl+H, tafuta /= na sehemu ya kubadilishia iache tupu. Fanya hivyo pia kwa Tsh.

Nafasi zisizoonekana

“Temeke” yenye nafasi mwishoni na “Temeke” isiyo nayo, kwa Excel ni wilaya mbili. TRIM huondoa nafasi hizo, isipokuwa zile zinazonakiliwa kutoka kurasa za intaneti. Kwa hizo, kwenye Windows, andika =TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," ")). Nakili matokeo na uyabandike kama Values, ndipo ufute safu ya zamani.

Kabla ya kufuta majina yaliyojirudia, linganisha namba za NIDA. Majina kufanana ni jambo la kawaida kwetu, na mwanachama halali asipoteze hisa zake kwa sababu ana jina la jirani.

Mwisho hesabu mistari na jumla ya fedha, ulinganishe na faili la asili, ukitoa marudio uliyofuta. Vikilingana, hifadhi kwa mfumo wa xlsx na uweke nywila, kwa kuwa namba hizi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usihifadhi tena kama CSV: faili la aina hiyo halikumbuki kwamba ulishaziita namba hizo maandishi, na atakayelibofya mara mbili ataziharibu upya.