Baridi Yabisi Haitokani na Baridi



Jina la baridi yabisi limewapotosha wengi. Mtu akivimba vidole huulizwa kama alilala sakafuni au alinyeshewa, kisha hupakwa mafuta ya karafuu na kuambiwa angoje jua.

Lau baridi ingekuwa ndiyo asili yake, maradhi haya yangalikuwa ya watu wa Mkuu, kule Rombo, wanaoamka na umande wa Kilimanjaro, nasi wa visiwani tungalisalimika. Sivyo. Wagonjwa wake wamo katika hospitali ya KCMC ya Moshi, na wamo humu mwetu penye joto. Baridi huwazidishia wengine maumivu, lakini siyo iletayo ugonjwa.

Mwili una kinga yake, mfano wa askari. Katika ugonjwa huu askari hugeuka wakaushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando huvimba, ukala gegedu, kisha mfupa. Kwa nini wageuke? Hapana sababu moja. Iko asili ya ukoo, ingawa wengi wenye asili hiyo hawaugui kamwe. Wanawake hupatwa mara 2 hata 3 kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 60. Basi si uzee, wala hauambukizi. Ukoo hatuwezi kuubadili. Sigara twaweza kuiacha, nayo ndiyo mbaya kupita yote yaliyo mikononi mwetu, hasa kwa mwenye asili ya ukoo. Unene uliozidi, ufizi mbovu na vumbi la mawe navyo vimo. Kuchambua karafuu hakumo, japo mikono hulalamika!

Lakini mchumaji riziki yake ni vidole, na vikishapinda havinyooki kwa dawa. Yafaa basi kutazama mapema: vifundo vya vidole vimevimba mikono yote miwili, na asubuhi mikono ni migumu kwa nusu saa au zaidi. Hali hiyo ikidumu wiki kadhaa, aende hospitali, asingoje msimu uishe. Ipo dawa iitwayo methotreksati, inayowatuliza askari hao. Hunywewa mara 1 tu kwa wiki, kwa uangalizi wa daktari, na mwenye mimba haruhusiwi kabisa. Ikianzwa katika miezi ya mwanzo, viungo vya wengi huokoka. Mafuta ya karafuu yaweza kupunguza maumivu kidogo, lakini ndani ya kiungo mfupa huendelea kuliwa.