SOMO LETU: Bonde Ni Ghala la Maji

Mwezi huu tutazame bonde la majimaji, lile lenye matete na udongo mweusi, ambalo wengi wetu hapa Mfaranyaki huliita pori tu.

Tuanze na jaribio, maana sisi walimu hatujui kufundisha bila makopo. Toboeni makopo mawili chini. Moja litieni mchanga, la pili udongo mweusi wa bondeni ulioanikwa kidogo. Mimineni kikombe kimoja cha maji katika kila kopo. Mchanga utayaachia maji upesi. Udongo wa bondeni utayashika, kisha utayatoa tone kwa tone. Mvua zetu huisha Aprili au Mei. Basi maji tunayoyaona kijitoni mwezi wa Septemba ni ya masika yaliyopita, yaliyowekwa ardhini kama mahindi ghalani.

Kwa nini udongo huo ni mweusi? Palipojaa maji hewa haipenyi, na majani yaliyokufa hayaozi yakaisha, bali hulundikana mwaka hata mwaka. Ukichimba mfereji mrefu wa kuyatoa maji, hewa huingia, mabaki yale huoza, na ardhi yenyewe hushuka. Huko Uingereza, katika Cambridgeshire, walikausha ziwa la Whittlesey Mere na ardhi ya majimaji iliyolizunguka. Mwaka 1851 walisimamisha nguzo ya chuma ardhini, kichwa chake kikiwa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo hiyo imesimama wazi kiasi cha mita 4! Haikuota, ni ardhi iliyozama.

Tanzania iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2000, na bonde la Kilombero likaandikwa mwaka 2002. Mabonde yetu madogo hayamo katika orodha hiyo. Mlinzi wake ni mwenye jembe.

Mtu atauliza: basi tusilime bondeni? Hatusemi hivyo. Mboga na magimbi ya kiangazi yamelipa ada za watoto wengi. Limeni juu ya matuta yaliyoinuliwa, mifereji iwe ya kina kifupi na izibwe mvua zikiisha, na matete ya kando ya maji yaachwe. Milingoti ipandwe mbali na bonde, kwa kuwa hukua haraka na kunywa maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wafyatua matofali wasikie.

Kabla hatujakutana tena, kila kikundi kiwaulize wazee: ni kisima kipi cha bondeni ambacho zamani hakikukauka Oktoba, na sasa kinakauka? Andikeni pia ni mwaka gani mfereji ulichimbwa hapo, au milingoti ilipandwa.