Mafua, Kikohozi na Koo Linalouma: Tiba za Nyumbani na Mipaka Yake



Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, mvua za vuli zinapoanza mwezi Septemba na masika yanaporejea mwezi Machi, mafua huanza kupita nyumba hadi nyumba. Kabla ya kwenda dukani, familia nyingi za Kibingo na vijiji jirani huweka sufuria ya tangawizi jikoni au huomba asali kwa jirani mwenye mizinga. Desturi hiyo ina manufaa yake, tena huokoa fedha. Somo hili linaeleza tiba zipi za nyumbani zinafaa, zipi zinadhuru, na ni wakati gani mgonjwa hapaswi tena kuuguzwa nyumbani.

1. Mafua husababishwa na nini?

Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, si baridi yenyewe. Majira ya mvua huyaongeza kwa sababu watu hukaa pamoja ndani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Virusi husafiri katika matone ya chafya na kikohozi, na katika mikono iliyoyagusa.

Mafua ya kawaida huanza polepole: koo kuwasha, pua kutoa kamasi, kisha kikohozi. Kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi huweza kuchelewa kwisha. Homa ya mafua, yaani influenza, huja kwa ghafla na kwa nguvu zaidi: homa kali, maumivu ya misuli na uchovu wa kumlaza mtu kitandani.

Tiba ya nyumbani hupunguza adha wakati mwili wenyewe unapambana na virusi. Haiviui virusi, wala haifupishi sana ugonjwa. Anayeahidiwa kuponywa mafua kwa siku moja, kwa dawa ya chupa au ya mizizi, anauziwa matumaini.

2. Tiba za nyumbani zinazofaa

Vinywaji vya moto na mapumziko. Maji, uji mwepesi, supu na chai hulainisha koo na kurudisha maji ambayo mwili hupoteza kwa homa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa, tena mara nyingi zaidi ya kawaida.

Asali. Kijiko kimoja cha chai, peke yake au ndani ya maji ya uvuguvugu, hutuliza kikohozi, hasa usiku. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa kwa kidole, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya kulegeza misuli na kuzuia pumzi.

Tangawizi, mchaichai na limau. Chai ya viungo hivi hutuliza koo na huhimiza mgonjwa anywe. Mwenye vidonda vya tumbo atumie tangawizi na limau kwa kiasi.

Maji ya chumvi. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji ya uvuguvugu, usukutue koo, kisha uteme. Rudia mara 3 au 4 kwa siku. Mtoto asiyeweza kusukutua bila kumeza asifanyiwe hivi.

Hewa safi. Moshi wa kuni huchochea kikohozi. Mgonjwa asilale karibu na mafiga, na madirisha yafunguliwe mchana.

3. Mazoea yanayohitaji tahadhari

Kujifukiza. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, kujifukiza kulienea nchini kote. Mvuke huweza kumpa mtu nafuu ya muda ya pua iliyoziba, lakini hauui virusi vilivyomo mwilini. Hatari yake kubwa ni kuungua. Mtoto asifunikwe blanketi pamoja na sufuria ya maji yanayochemka. Mtu mzima anayetaka kujifukiza aepue sufuria kwanza na kuiweka mahali isipoweza kupinduka.

Mkaratusi. Mafuta ya mkaratusi yasinywewe, kwa kuwa yakimezwa ni sumu, hasa kwa watoto. Yasitiwe puani mwa mtoto mchanga.

Pombe. Lubisi na pombe kali si dawa ya mafua. Pombe hupunguza maji mwilini, na ikichanganywa na parasetamoli huweza kuumiza ini.

Kukata kimeo. Wapo wanaoamini kwamba kimeo kirefu ndicho chanzo cha kikohozi kisichokoma, na kwamba dawa yake ni kukikata. Kimeo ni kiungo cha kawaida cha koo. Kukikata kwa wembe au kisu huleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na pepopunda, na watoto wamewahi kufa kwa sababu hiyo. Wakati huohuo ugonjwa halisi, mara nyingi nimonia, huendelea bila kutibiwa. Usikubali mtoto wako akatwe.

4. Unaponunua dawa

Nunua katika famasia au Duka la Dawa Muhimu lililosajiliwa. Angalia jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti. Usinunue vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila maelezo, wala dawa za mnadani.

Antibayotiki, kama vile amoksilini, huua bakteria na haziui virusi. Kuzinunua kwa ajili ya mafua, vidonge viwili leo na viwili kesho, ni kupoteza fedha na kuwazoesha bakteria kuishinda dawa. Siku utakapoihitaji kweli, huenda isifanye kazi. Zitumike kwa cheti cha mtaalamu na dozi imalizwe.

Parasetamoli hushusha homa na maumivu. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa saa 24. Dozi ya mtoto hufuata uzito wake, basi muulize mtoa dawa. Dawa nyingi mchanganyiko za mafua tayari zina parasetamoli ndani yake, hivyo soma lebo usije ukazidisha dozi bila kujua. Mtoto asipewe aspirini.

Kuhusu asali, majaribio ya kuiwasha kwa kiberiti au kuidondosha ndani ya maji hayathibitishi kwamba ni halisi. Nunua kwa mfugaji nyuki unayemfahamu, au chupa yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Dawa ya asili iliyofungashwa iwe na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Neno «asili» peke yake si uthibitisho wa usalama.

5. Dalili zinazomtoa mgonjwa nyumbani

Mkoa wa Kagera una malaria, na homa ya malaria huweza kufanana na homa ya mafua. Mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24, hata kama anapiga chafya.

Kwa mtoto, jifunze kuhesabu pumzi. Akiwa ametulia, mfunue kifua na uhesabu jinsi kinavyopanda kwa dakika 1 nzima kwa saa ya simu. Pumzi ni za haraka mno zikifikia:

- 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Pumzi za haraka namna hiyo huashiria nimonia. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kutoamka vizuri, usisubiri mapambazuko. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe mara moja.

Kwa mtu wa umri wowote, nenda kituoni ukiona kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kushindwa kumeza mate, au homa inayozidi siku 3. Koo linalouma sana pamoja na homa na mitoki ya shingo, bila mafua wala kikohozi, huweza kuwa la bakteria. Kwa watoto, lisipotibiwa, huweza baadaye kuharibu moyo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu, na huduma hiyo haina malipo katika vituo vya serikali. Wajawazito, wazee, wenye pumu, selimundu au VVU wasichelewe kutafuta ushauri.

Mkoa wetu ulipata mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba, na tena mwaka 2025 Biharamulo. Homa ya ghafla yenye kutapika, kuharisha au kutokwa damu isiuguzwe nyumbani. Usimguse mgonjwa; piga simu namba 199 bila malipo.

6. Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mtoto wa miezi 8 ana kikohozi na anapumua mara 54 kwa dakika. Bibi yake anashauri asali. Mtamjibuje kwa heshima, na mtafanya nini?
2. Mtoa dawa anakupa kidonge cha parasetamoli na dawa mchanganyiko ya mafua. Utamwuliza nini kabla ya kulipa?
3. Kituo cha afya kilicho karibu nanyi kiko wapi, na usiku mtafikaje huko?

Swali la tatu lijibiwe leo, wakati nyumbani hakuna mgonjwa.