Mama, mtoto atazaliwa lini? Jifunze kuhesabu siku zako

Swali ambalo karibu kila mja mzito huuliza anapofika kliniki ni hili: "Daktari, nitajifungua lini?" Nami humjibu kwa swali jingine: "Hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?" Hapo wengi hunyamaza. Mmoja hutazama dari, mwingine humgeukia mumewe kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiandika.

Wiki hii tutajifunza jinsi ya kukadiria tarehe ya kujifungua, na kwa nini kukosea kwa wiki chache tu kunaweza kumhatarisha mtoto.

Mama wa Kivaa

Mwaka mmoja, tarehe 14 Agosti, nilimpokea mama kutoka Kivaa, upande wa Masinga katika Kaunti ya Machakos. Alikuwa na mimba ya tatu na wasiwasi mwingi. Kadi yake ilionyesha kwamba alipaswa kujifungua tarehe 31 Julai. Kwa hesabu hiyo, mimba ilikuwa imefikisha wiki 42, na alikuwa ameambiwa ajiandae kuanzishiwa uchungu.

"Mama, tarehe hii ilipatikanaje?" nikamwuliza.

"Daktari, nilisema hedhi ya mwisho niliiona wakati wa mvua ya vuli, wakaandika mwezi wa kumi, mvua ilipoanza."

Ukambani, mvua ya vuli huanza karibu na mwisho wa Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Hicho ni kipindi kirefu. Basi tukakaa tukaulizana taratibu. Je, mlikuwa mmeshapanda? Ndiyo. Kunde zilikuwa zimeota? Ndiyo, walikuwa wakipalilia. Sikukuu ya Jamhuri ilikuwa imepita? La, ilibaki wiki moja. Kumbe hedhi ilianza yapata tarehe 5 Desemba! Mimba haikuwa ya wiki 42 bali 36. Nilipompima tumbo kwa utepe, nikapata sentimita 35, kipimo kinachokubaliana na hesabu mpya.

Alirudi nyumbani akaendelea na kliniki. Katikati ya Septemba alijifungua salama mtoto wa kilo 3.1. Fikiria kama angelazimishwa kuzaa mwezi mmoja kabla ya wakati, mapafu ya mtoto yakiwa bado hayajakomaa vizuri.

Hesabu yenyewe

Kanuni tunayoitumia inaitwa kwa jina la Franz Naegele, daktari Mjerumani aliyeishi hadi mwaka 1851. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3.

Mfano: hedhi ilianza tarehe 12 Novemba. Ongeza 7, upate tarehe 19. Toka Novemba rudi nyuma miezi 3, ufike Agosti. Tarehe yako ni 19 Agosti mwaka unaofuata. Ikiwa hedhi ilianza tarehe 28 Juni, siku 7 zitakupeleka 5 Julai, na miezi 3 nyuma ni Aprili. Utatarajia mtoto tarehe 5 Aprili.

Jumla ni takriban siku 280, yaani wiki 40. Ndiyo maana ni afadhali kusema "miezi tisa na wiki moja" kuliko miezi tisa kavu.

Hapa pana jambo linaloleta ugomvi nyumbani. Hesabu huanza siku ya kwanza ya hedhi, lakini mimba hutungwa wiki mbili hivi baadaye. Baba anayefanya kazi Nairobi huenda nyumbani kwa likizo, na baada ya wiki 8 anasoma kwenye kadi kwamba mimba ni ya wiki 10. Anaanza kuuliza, "Hizo wiki mbili zimetoka wapi?" Bwana, hizo wiki mbili ni za hesabu ya daktari. Mkeo hana kosa.

Hesabu inapokosea

Kanuni hii inamfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28. Kama mzunguko wako ni wa siku 35, ongeza wiki moja zaidi. Kama ni mfupi, punguza vivyo hivyo.

Usiitegemee peke yake ikiwa hedhi zako hubadilikabadilika, ikiwa ulishika mimba ukinyonyesha kabla hedhi haijarudi, au ikiwa uliacha karibuni sindano au vidonge vya kupanga uzazi. Kumbuka pia kwamba wengine huona damu kidogo mimba ikiwa changa, wakadhani ni hedhi. Hedhi ya mwisho iliyokuwa nyepesi kuliko kawaida imtajie daktari.

Njia nyingine

Kipimo bora zaidi ni ultrasaundi ya mapema. Ikifanywa kabla ya wiki 14, hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Ikifanywa baada ya wiki 28, yaweza kukosea kwa wiki 3 au zaidi, kwa sababu wakati huo watoto hutofautiana kwa ukubwa. Kwa hiyo usingoje mwezi wa nane ndipo uende kupiga picha ya kujua tarehe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, na kliniki ya kwanza kabla ya wiki 12 kupita.

Pale ambapo mashine haipo, mkunga hutumia mikono na utepe. Katika wiki ya 20, tumbo la uzazi hufika karibu na kitovu. Kuanzia hapo, urefu wake kwa sentimita, kutoka mfupa wa kinena, hukaribiana na idadi ya wiki. Mtoto kucheza kwa mara ya kwanza pia ni dalili: wiki 18 hadi 20 kwa mimba ya kwanza, mapema kidogo kwa aliyekwisha kuzaa. Iandike siku hiyo.

Tarehe si ahadi

Watoto wapatao 5 tu kati ya 100 huzaliwa siku ile ile iliyokadiriwa. Ukijifungua kati ya wiki 37 na 42, wakati ulikuwa umetimia.

Lakini mipaka hiyo ni muhimu. Uchungu ukija kabla ya wiki 34, kuna sindano tunazoweza kumpa mama ili kusaidia mapafu ya mtoto, mradi tujue wiki zake. Upande wa pili, mimba ikikawia mno, kondo la nyuma huchoka na hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Uchungu huanzishwa kwa mama anayejulikana kwa yakini kwamba amefikisha wiki 41. Yakini hiyo hutoka kwa tarehe uliyoiandika wewe.

Fanya hivi

Tundika kalenda ukutani na uzungushe duara siku ya kwanza ya kila hedhi, hata kama huna mpango wa kuzaa sasa. Kama hukumbuki tarehe, tafuta tukio: mshahara, shule kufungwa, harusi, sikukuu, siku ya kupanda. Jiandae mapema kwa usafiri, kwani kutoka mahali kama Kivaa usiku wa manane gari halipatikani kwa urahisi. Kama umeajiriwa, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inakupa likizo ya uzazi ya miezi 3, nawe humwarifu mwajiri angalau siku 7 kabla.

Na ukitokwa na damu, maji yakivunjika, kichwa kikiuma sana ukaona giza, au mtoto akipunguza kucheza, usitazame kalenda. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.