Utata wa Neno "Ndugu" katika Tafsiri ya Hati Rasmi

Makala haya yanachunguza neno "ndugu" katika hati za Kiswahili zinazofasiriwa kwa Kiingereza katika kaunti za Migori na Homa Bay. Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, lugha hizo mbili ni rasmi. Hata hivyo, mipaka ya maana ya maneno yake hailingani.

Tuchukue mfano: "Marehemu aliishi na ndugu yake." Ndugu huyo aweza kuwa wa tumbo moja, wa kiume au wa kike, au binamu, au jamaa wa ukoo. Dholuo, lugha ya wakazi wengi wa kaunti hizo, haiondoi utata wa jinsia, kwani kiwakilishi "en" humrejelea mwanamume na mwanamke sawia. Aidha, katika barua iliyotoka Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Migori, "Ndugu" kabla ya jina huwa ni neno la heshima tu.

Suala hili si la mtindo. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinawataja miongoni mwa wategemezi kaka na dada waliokuwa wakikimiwa na marehemu, binamu hatajwi. Mfasiri anayekisia huwa amekwisha kuhukumu kabla ya hakimu.

Kwa hiyo, mfasiri hana budi kumuuliza mwandishi wa hati. Asipopatikana, atumie neno pana lenye maana ya jamaa, kisha aueleze utata huo katika tanbihi. Kuuliza si ujinga.