Somo la Saba: Kubadilisha Bomba la Moshi la Pikipiki Ndogo

Pikipiki nyingi za Kichina zenye injini ya sentimita za ujazo 125 hadi 150 zinazotumika nchini, hasa katika biashara ya bodaboda, zimefuata mchoro wa injini ya Honda CG125, pikipiki ya Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Injini hiyo haikubuniwa kwa ajili ya mashindano. Ilibuniwa ivumilie barabara mbovu na matunzo haba, na nguvu yake ni kama farasi 10 au 11. Mlaji na alikumbuke jambo hilo anapoelezwa dukani kwamba bomba jipya la moshi, au ekzosi kama mafundi wanavyoliita, litaifanya pikipiki yake “ifunguke”.

Tuanze na kazi ya bomba lenyewe. Injini ya aina hii hutoa moshi mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hutoa moshi mara 50 kwa sekunde, na kila mara huwa ni mlipuko mdogo wa hewa yenye joto na msukumo mkubwa. Vyumba na matundu yaliyomo ndani ya bomba huivunja sauti hiyo. Zaidi ya hayo, kila mlipuko hutuma wimbi ndani ya bomba, na wimbi hilo hurudi kwenye silinda. Watengenezaji huchagua urefu na upana wa bomba ili wimbi lirudi kwa wakati wa kusaidia kuvuta mabaki ya moshi, katika mwendo ambao mwendeshaji wa kawaida huutumia. Bomba pana na tupu huuhamishia msaada huo kwenye mizunguko ya juu sana. Dereva anayepandisha kilima akiwa na abiria na gunia la mkaa huona pikipiki imekuwa nzito, ijapokuwa inanguruma kuliko jana.

Baadhi ya mafundi husema injini “hupenda kubanwa moshi”. Kauli hiyo si sahihi, ingawa aliyeisema ameona jambo la kweli. Injini haihitaji kuzibwa; inahitaji bomba la kipimo chake.

Sehemu inayowagharimu watu wengi ni kabureta. Moshi ukitoka kwa wepesi zaidi, na hasa pale kichujio cha hewa nacho kinapoondolewa, hewa huingia kwa wingi wakati petroli imebaki ileile. Mchanganyiko huwa mwepesi, nao huwaka kwa joto kali. Dalili zake hazijifichi: bomba hupiga risasi dereva anapoachia mafuta, injini huchemka upesi, na plagi ikifunguliwa huwa nyeupe badala ya kahawia hafifu. Plagi nyeusi yenye masizi huonyesha kinyume chake, yaani petroli imezidi. Hali ya weupe ikiachwa iendelee, valvu ya kutolea moshi huungua, na pistoni inaweza kufuata. Kwa hiyo fundi anayefunga bomba lililo wazi zaidi anapaswa pia kubadili jeti kubwa ya kabureta, kuijaribu pikipiki barabarani, kisha kuitazama plagi. Gharama hizo ziulizwe mapema, kwa kuwa bei ya bomba peke yake si bei ya kazi nzima. Aidha, milio ya risasi inaweza kusababishwa na gasketi iliyochakaa pale bomba linapoungana na injini. Fundi mwaminifu huanzia hapo.

Kelele haina uhusiano wa moja kwa moja na nguvu, bali sikio hudanganyika. Madhara yake, kwa upande mwingine, hupimika. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa kikomo, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 94 umebaki saa moja. Dereva wa bodaboda hukaa juu ya bomba lake kutwa nzima. Kelele hizo pia zimo katika kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na aliyeziba masikio yake kwa pamba hajaziba ya majirani.

Abiria naye ana haki yake. Bomba la awali huwa na bati la kukinga joto upande wa mguu. Mabomba mengi ya kufunga baadaye hayana bati hilo, na kovu la kuungua kwenye muundi ni jambo ambalo wasomaji wetu wengi wanalifahamu, wengine kwa miguu yao wenyewe.

Kijana mmoja alifika kwenye dawati letu la malalamiko akiwa na pikipiki ya mkataba. Alikuwa amebadili bomba bila kumwambia mmiliki, na valvu ikaungua. Muuzaji wa pikipiki alikataa dhamana kwa hoja kwamba chombo kimebadilishwa, na mmiliki alikataa kusimamisha hesabu ya kila siku. Hakuwa na risiti ya bomba, wala ruhusa ya maandishi. Tulimsikiliza, lakini hatukuwa na karatasi ya kushika. Anayeendesha kwa mkataba aelewe kuwa chombo si chake hadi amalize malipo.

Pengine bomba limeoza na halina budi kubadilishwa. Kutu mara nyingi huanzia ndani, maana petroli inapoungua hutoa maji pia, na safari fupi huyaacha yatuame. Kitundu kidogo chini ya bomba ni cha kuyatolea, kisizibwe. Chagua bomba la modeli ileile, ulishike mkononi uone uzito wake, utazame mishono ya kuchomelea, na uhakikishe matundu ya bolti yanalingana bila kulazimishwa. Sumaku haitoshi kuthibitisha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu baadhi ya aina za chuma hicho nazo huvutwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mlaji. Akikuahidi kwamba bomba litaongeza nguvu au kupunguza matumizi ya petroli, mwombe aandike ahadi hiyo kwenye risiti, pamoja na modeli ya pikipiki na muda wa dhamana. Bomba la zamani usimwachie fundi wala usiliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka jipya limetembea wiki kadhaa, kwa kuwa huenda ukalihitaji kulirudisha mahali pake.