Ukihama Nyumba, Deni la Benki Linakwenda Wapi?



Somo letu la leo linawahusu wenzetu wanaokatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba. Mtu ana nyumba Kigobe, bado analipa mkopo, sasa anataka kuiuza anunue nyingine: kubwa zaidi kwa kuwa watoto wameongezeka, au ndogo kwa kuwa pensheni imekaribia. Je, anaweza kuhama na mkopo wake?

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna deni, na kuna rehani. Deni ni lako wewe uliyetia sahihi. Rehani iko juu ya nyumba. Imeandikwa katika daftari la hati za ardhi, na inabaki pale hata nyumba ikiuzwa mara tatu. Ukihama, deni linakufuata. Rehani haikufuati.

Tuchukue mfano. Karani mmoja amebakiwa na deni la faranga milioni 40. Anapata mnunuzi, wanaandikiana karatasi mbele ya mashahidi: mnunuzi anatoa milioni 150 taslimu, kisha yeye ndiye atakayeendelea kulipa benki. Wanapeana mikono, wanakunywa bia ya mapatano. Baada ya miezi minne mnunuzi anaacha kulipa. Benki haimjui. Inaendelea kukata mshahara wa karani, kwa sababu mwajiri aliahidi kwa maandishi kuukata, na mshahara usipotosha nyumba inaweza kupigwa mnada huku mnunuzi akiishi ndani na watoto wake. Wote wawili wameumia. Sheria ya mikataba tuliyorithi, ile amri ya mwaka 1888 iliyotungwa kwa ajili ya Kongo, inasema mdaiwa hawezi kumweka mtu mwingine mahali pake mpaka mdai mwenyewe akubali kumwachilia. Mashahidi hata wakiwa kumi si benki.

Katika nchi kama Uingereza benki nyingi humruhusu mteja kuuchukua mkopo wake, pamoja na riba yake ya zamani, mpaka nyumba mpya. Hata huko humchunguza upya kama mwombaji mpya. Kwetu usihesabu kuwa ni haki yako mpaka umeiona katika mkataba. Lakini kuomba si kosa, na faida yake ni kubwa. Waliokopa zamani kwa riba nafuu, kwa mfano katika FPHU, mfuko wa nyumba za mjini ulioanzishwa mwaka 1989, wakifuta mkopo na kuchukua mwingine wataingia katika riba ya leo.

Kwa hiyo nenda benki kabla ya kuzungumza na mnunuzi. Omba kwa maandishi hesabu ya deni lililobaki, na uulize kama kuna faini ya kulipa kabla ya wakati. Kisha uliza kama rehani inaweza kuwekwa juu ya nyumba mpya, mkopo ukiwa uleule. Benki itataka kupima thamani ya nyumba hiyo na kuona hati yake. Hapo wengi hukwama. Unatoka kwenye nyumba yenye hati kamili ya ardhi, unakwenda kununua nje ya mji kiwanja chenye cheti cha komini tu, kile kilicholetwa na Sheria ya Ardhi ya 2011. Uliza kama benki inakikubali kabla hujatoa arabuni.

Benki ikikataa kuhamisha, mnunuzi alipe zile milioni 40 moja kwa moja katika akaunti ya mkopo, na zinazobaki akupe wewe, siku hiyohiyo, mbele ya notari. Halafu dai karatasi ya kuondoa rehani, ambayo kwa Kifaransa huandikwa mainlevée, ifikishwe ofisi ya hati za ardhi. Kumaliza kulipa hakufuti maandishi ya daftarini. Lazima mtu ayafute.

Mwisho, angalia bima ya maisha iliyofungwa na mkopo kama bado inakulinda. Na upite kwa mhasibu wa kazini: amri ya zamani ya kukata mshahara ifutwe kabla mpya haijaanza, usije ukakatwa mara mbili kwa mwezi mmoja.

Kwa mjadala wa tawi: yule karani akija kwetu leo, karatasi yake ya mashahidi mkononi, tumwambie aanzie ofisi gani?